Bata wa Bura Ziwani Tlawi

Bura alitutangazia kwamba Mbulu inapata bandari. Bandari, jamani! Kutoka huku mpaka baharini hata basi linachoka, lakini yeye ameshasema.

Chanzo ni simu. Bura ni fundi simu pale Dongobesh, kwa hiyo dunia nzima inapita mikononi mwake. Siku moja akaona picha ya bata wa njano wa kujazwa upepo, mkubwa kuliko kanisa, anaelea bandarini kwenye jiji moja la Ulaya, na watu wazima wamejazana wanampiga picha.

"Wazungu wana bandari, sisi tuna Ziwa Tlawi," akasema. "Tofauti ni chumvi tu!"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ila nilijua kinachomsumbua. Alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Baltazar wa Tlawi, anamtaka binti yake Fabiola, na mzee alimuuliza swali moja tu: "Kijana, unafuga nini?" Bura hana hata kuku! Mzee akasema jibu atalitoa Jumapili baada ya misa.

"Nikishakuwa maarufu, nani ataniuliza habari za ng'ombe?" Bura akanitambia.

Basi tukashona maturubai ya njano, ndani tukajaza tyubu za trekta. Nasema tulishona, lakini yeye alisimama amekunja mikono, anaelekeza. Vidole vilivyochomwa na sindano ya magunia ni vyangu!

Jumapili bata akaelea. Mrefu kama ghorofa, yaani ghorofa ya Mbulu. Shingo ilipinda kidogo, lakini watu walitoka kanisani mbio kumtazama. Bura, ndani ya suti, akapanda juu ya jiwe.

"Bata huyu ni wangu!" akapaza sauti. "Mwenye bata ni mimi, Bura!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Baltazar akasogea na fimbo yake, akaitazama kamba iliyomshikilia bata kwenye kigingi.

"Mmemfunga vizuri?"

"Mzee, huyu si mbuzi," Bura akacheka. "Hii ni sanaa!"

Weee! Upepo wa huku haujui sanaa. Ulikuja mara moja, ukang'oa kigingi, bata akaruka, akatua kwenye maharage ya Mzee Baltazar yaliyokuwa yametoa maua. Akabingirika shamba zima, akavunja uzio, ng'ombe wakatawanyika.

Sasa kwetu mnyama akiingia shambani anashikwa, anafungwa, na mwenyewe anaitwa amtambue mbele ya watu. Hata akiwa kuku. Mzee Baltazar akachukua kamba amfunge bata mguu. Mguu hana! Akamfunga shingo kwenye nguzo, akageuka.

"Mwenye mnyama huyu ni nani?"

Bura akatazama mawingu.

"Bura, si ulisema ni wako?"

"Mimi? Hapana, mzee! Nilikuwa namtambulisha tu. Bata huyu ni wa jamii!"

"Sasa hivi tu alikuwa wako."

"Simjui, mzee. Kwanza mimi sifugi!"

Watu wakaangua kicheko. Fabiola hakucheka. Aliinamisha kichwa, na mimi nikaona aibu kwa niaba ya rafiki yangu.

"Maharage nitapanda mengine," mzee akasema taratibu. "Nilitaka useme tu, 'Ni wangu, mzee, nisamehe.' Ungesema hivyo, binti ungempata, na ng'ombe wa kuanzia ningekupa mimi mwenyewe."

Loo! Bura akapiga magoti na suti yake kwenye tope. "Ni wangu, mzee! Nimekumbuka! Ni wangu kabisa!"

"Umechelewa, kijana. Mtu anayemkana bata wake mchana kweupe, na mke atamkana. Na mnyama asiye na mwenyewe nabaki naye mimi."

Kabla jua halijazama, Mama Oliva, mke wa mzee, alikuwa ameshamfumua bata na kuanika mahindi juu ya maturubai yake.

Bura hakutaka kuondoka. Alisimama getini kwa mzee, anasubiri angalau Fabiola atoke, amwambie neno. Fabiola akatoka kweli. Bura akajifuta tope, akatabasamu.

Fabiola akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mjomba."

Na kwetu shikamoo haikataliwi. Bura akaitika:

"Marahaba."