Kumjaribu Faraj

Jumatatu, 4 Machi 1912
...na ndiyo maana nasema hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi! Mwezi wa pili huu wa ndoa, na bado nikisikia viatu vya Faraj ngazini naangusha mwiko. Faraj! Mwana wa ami yangu, niliyecheza naye barazani, aliyekuwa akija kuniuliza: Alawiya, mwanamke huyu nimwambie nini, na yule nimkimbie vipi? Mji wa Kale mzima ulimjua. Ameyaacha yote kwa ajili yangu. Kaapa. Namwamini kabisa.

Kesho nitamjaribu.

Jumanne, 5 Machi
Nimeazima buibui la shoga yangu Mwanaesha. Akaniuliza nina wazimu au raha zimenizidi. Nikalifukiza udi kwanza. Sitoki na nguo inayonuka jiko la watu! Nikajiziba uso, nikaingia dukani kwa Faraj. Sauti nimeilegeza. Nikasifu leso zake, kisha vidole vyake. Hakuinua macho! Akaniita mama. Furaha iliyoje!

Baada ya magharibi. Nimeanza kufikiri. Mama? Kwa sauti ile?

Jumatano, 6 Machi
Nimetunga kikuba, kishada cha asmini na rehani, nikakipitisha juu ya chetezo cha udi, Mwanaesha akampelekea: kimetoka kwa bibi asiyetaka kutajwa. Karudi mbio. Faraj kakinusa, kacheka, kakibandika kifuani! Nimelia leso mbili zikalowa.

Faraj karudi nacho. Nikamrukia: nani huyo bibi? Akasema: udi huu unauchanganya wewe peke yako, hakuna nyumba nyingine Mombasa inayonukia hivi. Na yule mteja wa jana alinukia chumba chetu. Ndiyo maana akaniita mama, aone nitavumilia mpaka lini.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema zamani mji mzima ulimshuku isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyemwoa. Kachukua msala wake wa kuswalia, kaenda kwa mamake.

Ijumaa, 8 Machi
Jana sikuandika. Sikula pia.

Leo nimekwenda. Mavyaa, mamake Faraj, akanipokea mlangoni: karibu, askari! Faraj kajilaza, anatafuna mkate wa mofa, ananitazama kama ukuta. Nikamwambia mume naweza kumngoja, lakini rafiki yangu namtaka leo. Nikaapa, mavyaa akiwa shahidi, kwamba sitamjaribu Faraj tena maisha yangu yote. Faraj akamaliza mkate wake. Kisha akauliza kama vidole vyake ni vizuri kweli au nilikuwa nauza maneno.

Tumecheka njia nzima! Na ili nisibaki na dukuduku, akanieleza wanawake wake wote wa zamani. Wa mwisho alikuwa Mona wa Makadara, kaolewa zamani. Hata sura yake haikumbuki.

Jumamosi, 9 Machi
Raha! Amani! Kiapo changu nitakishika neno kwa neno. Nimekipitia tena: kinamtaja Faraj tu. Mona hayumo. Na sura ya mtu haisahauliki hivi hivi. Lazima ni sura ya kutazamwa. Nitamtembelea kabla mwezi haujaisha, na sahani ya halua. Kumjulia hali tu.