Mbegu Hamsini, Zinia Sifuri

Kwa Mhariri, Ukurasa wa Nyumba na Bustani

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima zote, na kwa ghadhabu niliyoikunja mara nne ili iingie kwenye bahasha hii, naandika kulalamikia makala yenu juu ya namna ya kuchagua mahali pa kuaminika pa kupata mbegu za maua ya zinia. Nimeisoma mara kumi na moja. Nimeikata gazetini, nimeibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo, na nimeifuata neno kwa neno. Matokeo yake ni kwamba mbele ya nyumba yangu kuna tuta la udongo lililonyooshwa vizuri kama kaburi la tajiri, na hakuna kilichoota humo isipokuwa aibu.

Kabla hujasema huyu mama ni mmoja wa wale wasomaji wenu, nijitambulishe. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilisimamia chumba cha kutakasia vifaa, yaani pale ambapo mikasi na visu vya upasuaji huchemshwa kwa mvuke kabla havijaingia tena mwilini mwa mtu. Wenzangu waliniita Sista Mvuke, na hawakuwa wanatania. Hakuna kitu kilichowahi kutoka hai mikononi mwangu. Siku ya kuniaga walinizawadia sufuria ndogo ya mvuke, ile ya zamani yenye mfuniko wa skrubu, na hadi leo iko jikoni kwangu inapiga mluzi. Nayasema haya ili ujue kwamba unaongea na mtu anayejua maana ya utaratibu.

Makala yenu ilisema mbegu za kuaminika huwa na jina la aina, tarehe ya kufungashwa na anwani ya aliyezifungasha. Ikasema ni bora zaidi kuzipata kwa mtu anayezikuza mwenyewe. Ikasema ukiwa na shaka, laza mbegu kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, ngoja wiki moja, hesabu zilizochipua. Haya. Nimehesabu. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Duka la pembejeo lililo karibu na kituo cha mabasi. Pakiti ilikuwa na jina, tarehe, anwani na picha ya zinia nyekundu inayocheka. Muuzaji alinihakikishia kwamba hata nikizitupa zitaota. Nilizipokea kwa utaratibu: nikanawa, nikazihesabu, nikazitakasa, nikazilaza kumi kwenye shashi safi. Siku ya saba, sifuri. Nilirudi dukani na shashi yangu kwenye sahani. Muuzaji akainama, akazitazama, akasema ni ajabu, zinaonekana zimelainika. Nikamwambia hivyo ndivyo usafi unavyoonekana, ni yeye tu hajauzoea.

2. Mama anayeuza miche na mbegu pembeni ya soko. Zake anazifunga kwenye vipande vya gazeti, na sitashangaa kama ni gazeti lenu. Hazina tarehe wala anwani, ila zina vumbi, makapi na mguu mmoja wa mdudu ambaye sikubahatika kumwona. Hizi nilizipa dakika kumi na tano za mvuke badala ya kumi, kwa sababu zilihitaji. Sifuri. Nilipomfuata alinijibu kwa jeuri kwamba mtaa mzima unaotesha mbegu zake. Basi mtaa mzima una bahati ya uchafu.

3. Fundi cherehani jirani yangu. Ana zinia za waridi mbele ya kibanda chake, akanipa kichwa kizima cha ua lililokauka, akanionyesha kwamba mbegu ndiyo ile ncha ngumu iliyo chini ya petali. Kwa hiyo usije ukasema nilipanda makapi. Sifuri. Sina ugomvi na fundi, ni mtu mpole sana, namlalamikia kwa ajili ya haki tu.

4. Kampuni inayotuma mbegu kwa posta. Sifuri. Walinijibu kwa barua nzuri wakiuliza kama nimezihifadhi mahali penye joto. Swali la kijinga. Hazikuhifadhiwa penye joto hata siku moja. Zilipita kwenye joto dakika kumi na kutoka.

5. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba ukae chini. Kuna wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Nyumba yake inapakana na yangu kwa nyuma, tumetenganishwa na uzio wenye mlango mdogo. Ana zinia za rangi ya chungwa, nyingi hadi anazisukuma kwa goti ili apite. Mbolea hana, mpango hana, anamwagilia kwa maji aliyooshea vyombo. Makala yenu inasema nitafute mtu ninayemjua, anayezikuza mwenyewe. Nikameza kiburi, nikaenda. Akanijazia bahasha ya kaki, akaniambia nizitawanye tu, nisizisumbue. Nisizisumbue! Kwa kuwa jiko lake nalijua, nilizipitisha kwenye mvuke mara mbili. Sifuri kwenye shashi. Nikapanda zilizobaki kwenye tuta. Sifuri.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Mbegu hizohizo kwake zinaota, kwangu hazioti. Kwa hiyo alizikaanga kabla ya kunipa. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Nilimwambia hivyo mbele ya mume wake, sahani ya shashi mkononi. Alinitazama, akafuta mikono kwenye gauni, akaingia ndani. Huu sasa ni mwezi wa tatu. Mlango wangu wa nyuma sijaufungua tangu siku hiyo, maana unatazamana na wake. Mdogo wangu akipita hunisalimia huku anatazama chini, utadhani anasalimia viatu vyangu.

6. Mgongo wangu. Hili utaniambia halihusu mbegu, lakini limetokana nazo. Naishi peke yangu. Miaka thelathini na moja ya kunyanyua vifaa imeniachia maumivu katikati ya mgongo, pale ambapo mkono ukipita juu haufiki na ukipita chini haufiki. Kila jioni wifi alikuwa anaingia kwa mlango mdogo, ananipaka dawa ya kuchua huku ananisimulia ya watu wote. Anapaka vibaya. Anamwagia dawa shuka. Viganja vyake vinakwaruza. Lakini anapafikia. Tangu siku ya ile sahani sijapakwa. Nimejaribu kwa mwiko. Nimejaribu kujisugua kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe. Fremu haina habari ya mtu yeyote, Ndugu Mhariri. Nimemkumbuka mwanamke huyo hadi nimemkasirikia upya.

7. Nyuki. Wanaokwenda kwa wifi hupita juu ya tuta langu bila kutua hata kwa adabu.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Mchapishe majina ya wote waliotajwa kwenye ukurasa wa mbele, chini ya kichwa "Wauaji". Kila mbegu ya zinia iuzwe pamoja na cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba ilikuwa hai ilipoondoka dukani. Mtu yeyote ambaye zinia zake zinaota huku za jirani yake hazioti, ahesabiwe kuwa na hatia mpaka za jirani zitakapoota. Wifi ahamishwe, yeye na maua yake, ila asipelekwe mbali. Asivuke nyumba ya pili, kwa sababu ya lalamiko la sita. Na kama hayo yote yanawashinda, basi mkiri hadharani kwamba hakuna ua linaloitwa zinia, ni uzushi wa wapiga picha, na yale ya wifi ni ya plastiki.

Msinijibu kwamba subira yavuta heri. Nimesubiri, imevuta magugu.

Wasalimie wapiga chapa na wanaosambaza gazeti. Msalimie mwandishi wa makala, ingawa hastahili. Msalimie na mwenzako wa ukurasa wa afya, umwambie aliandika mengi juu ya mgongo bila kusema mtu aliye peke yake ajipake vipi.

Wako katika usafi na uchungu,

Sista Mvuke (mstaafu)

Baada ya sahihi: Asubuhi hii bomba la jikoni liliziba, ikabidi nifungue mlango wa nyuma nimwage maji. Kando ya kizingiti, kwenye ufa wa saruji, pale maji ya bati yanapodondokea, kumeota kitu. Nikapiga magoti, mgongo ukalia, nikavaa miwani. Zinia. Kumi na moja. Mbili zimeshachanua, rangi ya chungwa.

Nikakumbuka. Siku wifi aliponipa mbegu, bahasha yake ilichanika nikiwa hapo mlangoni, mbegu kadhaa zikaanguka. Sikuziokota, kwa sababu kwa utaratibu wangu kilichogusa sakafu hakirudi mezani. Kwa hiyo hazikuhesabiwa. Hazikutakaswa. Hazikuingia kwenye mvuke hata dakika moja.

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimevaa miwani. Nilizipika, Ndugu Mhariri. Hamsini za shashi na zote za kwenye tuta, nilizipika mpaka zikaiva, halafu nikazunguka mtaa mzima na sahani nikitafuta muuaji. Tafadhali futa lalamiko la kwanza hadi la tano. Futa na la saba, nyuki walikuwa sahihi. La sita libaki. Ila makala yenu haikusema popote kwamba mbegu zisichemshwe, na hilo ni kosa lenu, hapo sirudi nyuma.

Nakwenda kwa wifi sasa hivi, ua mkono huu, chupa ya dawa mkono huu. Naona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Baada ya hapo tena: Mwandiko ukiyumba usishangae, naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Wifi alipofungua mlango hakusema lolote juu ya ua. Aliuliza nilizichemsha dakika ngapi. Nilipomjibu alicheka hadi akakaa chini, akamwita mdogo wangu naye aje asikie. Sasa ameshamwagia shuka dawa na anaisoma barua hii akichungulia begani kwangu. Anataka mwongeze kwenye orodha yenu ya mahali pa kuaminika pa kupata mbegu za zinia: kwake, mlango mdogo wa nyuma. Ongezeni. Anataka pia iandikwe kwamba aliniambia nisizisumbue. Iandikwe. Nimemwambia bado panauma juu kidogo, upande wa kushoto, na amepafikia.