Ladha ya Siri ya Mpishi Ndolo

Jumatatu, 3 Juni 1996

Habari njema! Mama Irungu, mwenye hoteli yetu hapa Makadara, atateua mpishi mkuu Jumamosi. Ni mimi Ndolo au ni Wachira wa chapati. Wachira! Chapati zake zafaa soli za viatu. Cheo ni changu. Tatizo ni kisukari tu. Mama Irungu alishamfukuza mwosha vyombo kwa sababu ya kikohozi, akasema hoteli si wadi. Basi hajui, na hatajua. Sindano na kichupa cha insulini nimevificha kwenye friji ya soda, ndani ya mkebe wa majarini. Mke wangu Mwelu kasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia methali hiyo ni ya watu wasio na mipango.

Jumanne, 4 Juni

Wachira ameanza fitina. Ameona kwamba sionji mandazi yangu wala chai ya sukari. Sasa anawanong'onezea wateja kwamba mpishi asiyekula alichopika ametia kitu. Na kwetu ni Kitui, kunakosingiziwa uchawi kila siku, basi ushahidi umekamilika! Karani mmoja wa kortini alirudisha sahani, akasema amekumbuka ghafla kwamba amefunga. Nimeumia. Mandazi yale niliyakanda tangu alfajiri, nyayo zikiniwaka moto.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Wachira alitafuta majarini. Katika mkebe WANGU. Akapiga mayowe mpaka fundi viatu wa nje akaja na nyundo. Mama Irungu akaishika sindano, akaniuliza hii ni nini. Neno moja lingeniokoa. Ulimi wangu ukasema ni ladha ya siri, wanayotumia wapishi wa hoteli kubwa za mjini. Na sindano je? Ya kufikisha ladha katikati ya andazi. Nilijipongeza kimoyomoyo. Ndipo alipoleta beseni zima la mandazi, akasema haya, tia, kisha ule wa kwanza, watu wakiona.

Nikatia. Mungu wangu, nikatia! Insulini yangu yote, tone kwa tone, ndani ya mandazi. Kisha nikala, nikashushia na chai tamu, nikitabasamu huku machozi yakinilenga. Wateja walipoona sijafa wakayavamia. Wakaapa hawajawahi kula mandazi matamu namna ile. Hata Wachira alikula, tena kuliko wote, shenzi yule.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata cheo! Mama Irungu hakungoja Jumamosi. Sharti ni moja tu: ladha ya siri kila siku, na mimi nionje kwanza. Leo nimeyadunga mandazi maji ya bomba. Wamesema leo yamezidi utamu! Nina kiu ya ajabu. Nimeenda msalani mpaka Wachira akauliza kama nimehamia huko. Mwelu aliniuliza kama nimejidunga, nikasema ndiyo. Kliniki ni Jumanne. Nitavumilia. Naogopa lakini. Siwezi kumwambia mtu, naandika hapa: naogopa.

Jumapili, 9 Juni

Wadini. Nilianguka Ijumaa, kichwa ndani ya sufuria ya maharagwe. Bahati yalikuwa yamepoa. Mwelu akawaambia wote kuhusu kisukari na insulini ya kwenye mkebe. Jana Mama Irungu alikuja na uji usio na sukari, akalia. Kumbe marehemu mamake alikuwa na kisukari! Akasema angeniwekea dawa kwenye friji bila swali, na mtu mwingine angenionjea. Lakini mtu aliyedunga chakula cha wateja na kudanganya harudi jikoni mwake. Wachira ndiye mpishi mkuu. Sista Lenah, muuguzi wetu, amesema insulini ikiliwa haidhuru, ila mimi niliyeikosa nilibakiza kidogo tu nizikwe. Nimelia mpaka mto ukalowa. Kupika ndiyo kazi pekee ninayoijua duniani. Mwelu ameketi hapa, hanigombezi, na hilo ndilo baya zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Uji wa wadi hii, ebo! Maji na mabonge. Nimedadisi: jikoni hapa wanatafuta mpishi! Sista Lenah nimemwambia naenda msalani. Nimevua gauni la wagonjwa, nimevaa shati alilonifulia Mwelu, nashuka kumwona msimamizi wa jiko. Akiniuliza habari za afya, nitamwambia sijawahi kulala wadi hata siku moja. Plasta ya dripu nimeifunika kwa mkono wa shati.