Shimo Jeusi Lisilo na Adabu

Ifahamike kwa umma kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili, shimo jeusi lolote linalokusudia kubadili mng'ao wa mkondo wake litatoa taarifa siku kumi na nne kabla.

Waraka huo aliutunga Mkurugenzi Hachiya, wa kituo kimoja cha anga kaskazini mwa Japani. Mikondo ya moto inayofyatuka kwenye mashimo meusi makuu ilikuwa ikiwaka na kufifia itakavyo, na ratiba ya dishi la kuitazama ilikuwa imevurugika.

Wiki ya tatu, mtafiti Numajiri aliingia ofisini mbio.

"Mkuu, mkondo wangu umelipuka! Miaka sita nausubiri! Tugeuze dishi leo hii, keshokutwa utakuwa umepoa."

Hachiya akapuliza chai yake. "Umetoa taarifa?"

"Nani?"

"Huo mkondo."

"Mkuu, ni moto ule!"

"Moto usio na adabu. Jaza fomu. Na mhuri wako uinamie wangu, kama mdogo anavyomwinamia mkubwa. Safari iliyopita ulisimama wima kama mlingoti."

Hachiya alimwona akilengwalengwa na machozi, akaridhika. Waraka ulikuwa unafanya kazi.

Numajiri alirudi upesi. Mhuri wake uliinama vizuri. Kwenye fomu, tarehe ya mabadiliko: miaka milioni mia tano iliyopita.

"Unanichezea, dada?"

"Thubutu! Mwanga umesafiri muda wote huo kutufikia. Siku kumi na nne zimetimia, na chenji inabaki."

Hachiya alitafuta kosa, akalikosa. Akagonga mhuri wa kupokea.

Bi Onodera wa masjala akalitupia jalada jicho, akashika kiuno. "Makubwa haya! Ombi la miaka milioni mia tano, halijajibiwa! Kifungu cha tisa: jalada likilala siku thelathini, mkuu wa ofisi aombe radhi hadharani."

"Upuuzi huo kauandika nani?"

"Wewe, Mkuu."

Saa nane mchana, mbele ya kamera za televisheni, Hachiya aliinama mpaka mgongo ukalala kama meza, akiomba radhi kwa uzembe ulioanza kabla samaki hawajaota miguu. Nje, dishi lilianza kugeuka kwa mngurumo.

"Nani kaliruhusu?" alinong'ona, kichwa chini.

"Ombi lililochelewa hutekelezwa papo hapo, kifungu cha kumi," Bi Onodera akamjibu sikioni. "Usiinuke, Mkuu. Ukiinuka tu, waandishi wataanza maswali."

"Niiname mpaka lini?"

"Numajiri anasema mng'ao wa mkondo bado unapanda."