Farasi wa Kumlaza Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Novemba 2006

Mama mkwe anafika Jumamosi. Basi la kutoka Heathrow, kituo cha Digbeth, saa nane kasoro dakika kumi. Anakuja kumsaidia mke wangu Zilpah, ambaye ana mimba ya miezi minane na hawezi tena kufunga viatu vyake mwenyewe. Atakaa miezi mitatu. Kuja sina neno nako. Neno liko kwenye kulala.

Kwetu Shinyalu mtu na mama mkwe wake hawalali nyumba moja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakalii kiti kimoja. Nyumba yetu hapa Newtown, Birmingham, ina vyumba viwili na choo kimoja. Zilpah alipiga simu nyumbani ili wazee waamue kama jumba la ghorofa ni nyumba moja au nyumba nyingi. Walikaa siku mbili, wakala kuku watatu. Uamuzi: mlango tofauti na jiko tofauti, hakuna shida, mradi nisilale juu ya kichwa cha mama. Sisi tuko ghorofa ya sita. Kwa bahati Kendi, nesi Mmeru wa ghorofa ya tisa, anaenda Kenya kwa miezi mitatu na amekubali kutukodishia kwake. Anataka tu kodi ya mwezi wa kwanza kabla hajaondoka.

Chumba hicho kikikosekana, anayetoka ni mimi. Zilpah amesema wazi, bila hasira. Mama ataingia kitandani kwangu nami nitafute pa kulala mpaka Februari. Yaani mtoto wangu azaliwe mimi niko kwa watu! Sitaki hata kuliwaza.

Leo Zilpah amenipa bahasha ya kodi nimpelekee Kendi. Nimeipokea kwa mikono miwili. Nikiwa nangoja lifti nikapata wazo. Kodi ya mwezi mmoja ni aibu. Mwanamume hasa humlipia mama mkwe miezi yote mitatu kwa mpigo. Na mimi farasi nawajua. Nilikaa miaka miwili kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi. Nilikuwa nauza njugu getini, lakini getini unaona mengi.

Lifti ilipofika sikubonyeza tisa. Nilishuka chini kununua gazeti.

Jumanne, 7 Novemba

Nieleze kanuni yangu, ili mtoto akija kusoma daftari hili ajue baba yake alikuwa mtu wa akili. Katika mbio nyingi za hapa farasi hodari hubebeshwa vipande vya madini ya risasi, ili walio dhaifu nao wapate nafasi. Watu wote humtafuta aliye hodari. Mimi namtafuta aliyebeba mzigo mdogo. Nani hukimbia haraka, mwenye gunia au asiye na gunia? Hii ni hesabu ya darasa la pili. Sijui kwa nini Waingereza hawajaiona miaka yote hii.

Majina ya farasi wao ni marefu na hayashikiki, kwa hivyo nawapa majina ya niliosoma nao shule ya msingi. Leo, kwenye duka la kubeti la Digbeth, nilimwekea Lihanda pauni kumi za majaribio. Lihanda alikuwa mwepesi kuliko wote. Alimaliza wa tisa. Walikuwa tisa.

Mugo naye alikuwepo. Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mtu wa Nyeri, hajui lolote kuhusu farasi. Alichagua mpanda farasi mwenye shati la zambarau kwa sababu dadake alivaa zambarau siku ya harusi. Akashinda. Akaninunulia chipsi. Nilizila kwa uchungu.

Lalita alinipa pole. Huyu ni mama wa Kihindi anayekaa nyuma ya kioo cha duka hilo. Alizaliwa Kisumu, akaja huku akiwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili chake ni cha dukani, cha zamani, lakini hakijapotea. Aliniuliza kama nina hakika na hiyo kanuni. Nikamweleza kwamba hayo yalikuwa majaribio.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekutana na Kendi kwenye lifti. Ameuliza kodi iko wapi. Nikamwambia inatayarishwa. Akasema ndege yake ni Jumapili alfajiri, na binamu yake wa Coventry pia anakitaka chumba. Mwisho ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jioni Zilpah akauliza kama nimemwona Kendi. Nikasema nimemwona, ni mzima. Hakuna uongo hapo. Akauliza amesema nini. Nikasema anafurahia safari. Hapo pia hakuna uongo. Kisha nikaosha vyombo bila kuambiwa, na sasa naona hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Zilpah aliniangalia sana.

Kuhusu mbio: nilimwekea Ambundo kutoka kwenye bahasha, zaidi kidogo kuliko jana, ili kuziba pengo la Lihanda. Ambundo alikataa kuingia kwenye kibanda cha kuanzia. Wenzake walikimbia wakamaliza, yeye bado anabishana na wanaume wanne. Hata darasani Ambundo alikuwa hivyo hivyo. Ningekumbuka mapema.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimeshinda! Amukowa, mzigo mwepesi, wa kwanza. Faida pauni nne.

Nilimwambia Mugo kwamba kanuni sasa imekomaa. Mugo akasema Amukowa alishinda kwa sababu aliyekuwa mbele yake alianguka. Huo ni wivu tu. Baadaye, tukimbadilishia shuka mzee mmoja, Mugo, ambaye nilikuwa nimemweleza habari ya kodi, akaniuliza taratibu bahasha imebaki na ngapi. Nikamwambia. Akasema yuko tayari kunikopesha iliyopungua, nimpe Kendi leo hii, yaishe.

Nilimshukuru nikakataa. Mama mkwe wangu alale kwa pesa za mtu wa Nyeri! Watu wa Shinyalu wangesema nini? Na isitoshe, juzi tu alininunulia chipsi.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimempata.

Mbio za kesho saa nane na dakika ishirini, farasi kumi na wawili. Nimemwita Wekesa. Wekesa alikuwa kimya, anakaa nyuma kabisa, hakuna aliyemdhania, na leo ni daktari. Mzigo wake ni mdogo kuliko wa wote. Hakuna anayemtaka, kwa hivyo akishinda wanalipa mara kumi na nne. Nimekagua rekodi yake ukurasa kwa ukurasa. Hajawahi kushinda hata mara moja. Maana yake ushindi wake wote bado umo ndani, haujatumika.

Jioni Zilpah alikuwa kitandani akikunja nguo za mtoto. Akauchukua mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto akapiga teke. Zilpah akasema anashukuru nimeshughulikia mambo ya Kendi, kwa sababu alikuwa anaogopa sana uchungu umshike mimi nikiwa mbali. Nilihisi vibaya. Kwa kweli nilihisi vibaya mno, nikataka kuinuka nipande ghorofa ya tisa na pesa zilizobaki. Lakini zilizobaki hazitoshi kodi, na Kendi angeniuliza maswali. Njia ya uaminifu iliyobaki ni Wekesa peke yake.

Jumamosi, 11 Novemba

Naandika nikiwa nyumbani kwa Mugo.

Mpango ulikuwa mzuri. Nimpokee mama, nimketishe kituoni na chai, nivuke barabara, nimtazame Wekesa akishinda, nirudi. Nilifika dukani saa saba na nusu nikamwekea Wekesa bahasha yote. Kisha nikakaa kidogo kutazama mbio nyingine, kwa ajili ya utafiti. Saa sikuitazama.

Kumbe basi lilikuja kwa wakati. Mama akasimama kwenye mvua na mizigo yake, hakuna mtu. Zilpah alikuwa amemwambia atafute koti langu la kijani. Mlango wa duka ulipofunguliwa na mtu aliyekuwa akitoka, mama akaliona koti la kijani ng'ambo ya barabara. Akavuka.

Niligeuka nikaona leso, sanduku na mfuko wa unga wa wimbi. Nilifanya anachofanya mkwe mwenye adabu: nikageukia ukuta. Mama naye akavuta leso usoni akatazama dari. Tukasimama hivyo. Wazee watatu waliokuwa wakijaza karatasi zao wakaacha kuandika.

Lalita akamkaribisha kwa Kiswahili. Mama alishtuka kusikia Kiswahili kikitoka nyuma ya kioo, lakini yeye ni mwalimu mkuu mstaafu, hapotezi muda. Akamwomba Lalita amwambie yule bwana wa ukutani kwamba amefika salama. Lalita akaniambia. Nikamwomba Lalita amwambie mama karibu sana, na pole kwa safari. Lalita akamwambia. Mama akamwuliza Lalita, hii ni ofisi ya nini? Nikamwomba Lalita aseme ni posta. Lalita akasema yeye anapeleka maneno tu, uongo kila mtu abebe wake. Na wakati huo wote kati yangu na mama kulikuwa na hatua nne tu, tunasikiana vizuri kabisa.

Ndipo farasi wakatokea kwenye televisheni, wakizungushwa taratibu kabla ya mbio. Mama akaacha kutazama dari. Marehemu baba mkwe alifuga fahali wa kupigana, fahali aliyejulikana mpaka Khayega, na mama ndiye aliyemkagua kila asubuhi ya pambano. Akamwuliza Lalita yule bwana ametegemea mnyama yupi. Lalita akasema namba sita. Hakuniuliza kama aseme.

Mama akamtazama Wekesa mara moja. Akasema ana jasho mapajani na bado hajakimbia, na baridi yote hii. Masikio hayatulii. Huyo ameshaogopa. Angekuwa wake angekuwa kwa mchinjaji tangu asubuhi. Wa kuangaliwa, akasema, ni namba mbili, yule mbaya wa sura, aliyeinamisha kichwa, anayetembea kama mtu anayeenda shambani kwake.

Namba mbili ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote. Nilicheka kidogo, nikiwa nimetazama ukuta.

Namba mbili akashinda. Wekesa alikuwa wa kumi na moja. Lalita akaniletea ujumbe kwamba mama anauliza mizigo yake itabebwa na nani.

Nilibeba. Nilitangulia mbele, yeye hatua ishirini nyuma, mpaka Newtown. Nyumbani mama hakunisema hata kidogo. Alimwambia Zilpah tu kwamba posta ya Birmingham ina farasi. Zilpah akaelewa papo hapo.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Lifti ilikuwa imeharibika, kwa hivyo alipanda ngazi na tumbo lake mpaka ghorofa ya tisa kumwomba Kendi angalau wiki moja. Kendi alimsikitikia, lakini saa kumi na mbili ilikuwa imefika na binamu wa Coventry amesimama pale na kodi mkononi. Zilpah akarudi, akaketi apumue, halafu akanikunjia mashati manne. Aliyakunja vizuri, kola juu, utadhani naenda safari ya kazi. Nililia kwenye ngazi kati ya ghorofa ya nne na ya tatu. Jirani mmoja alipita na mbwa wake akasema habari za jioni.

Jumapili, 12 Novemba

Mugo anakaa Winson Green. Dirisha la sebule linatazama ukuta wa gereza. Kochi lake ni fupi, miguu yangu inaning'inia kuanzia magotini. Hajanicheka. Amenipa taulo na kuniambia maji ya moto yanaisha haraka. Kwa Mugo huo ni upole mkubwa, na unaniudhi.

Kanisani mama aliketi mbele na Zilpah, mimi nyuma karibu na mlango. Zilpah alinipungia mkono kidogo. Nilishindwa kuimba.

Mchana nikapitia daftari lote nikitafuta kosa. Nimelipata. Kanuni haina kasoro. Tatizo ni jina. Nimekumbuka sasa, Wekesa si daktari. Daktari ni ndugu yake.

Jumatatu, 13 Novemba

Lalita amenipigia simu kazini. Ana ujumbe kutoka kwa mama.

Kumbe jana alimwalika mama kwake kwa chai, wakaongea mpaka jioni, na sasa ni marafiki. Mama amesema kamari ni dhambi, lakini kukagua mnyama si kamari. Ameamua kuwakagua wa Jumamosi hii kwa pesa zake mwenyewe alizopata kwa kuuza ndama. Akipata kitu, atajipangia chumba, ili yule bwana arudi kitandani kwake kabla mtoto hajazaliwa, maana Zilpah analia bafuni akidhani mama yake hasikii.

Hapo nilijifuta macho kwa shuka nililokuwa nakunja. Lalita akaniita, akaniuliza kama bado nipo.

Halafu akamalizia ujumbe. Farasi wa Jumamosi ni wengi mno, na mama angependa kuwapunguza kwanza. Kwa hivyo anauliza: yule bwana wa ukutani anamchagua yupi? Huyo ataanza kwa kumwondoa.

Mimi si mjinga. Naelewa kwamba farasi wangu akishindwa, ninarudi nyumbani kwa mke wangu. Lakini kuna jambo la heshima pia. Nilimwomba Lalita angoje. Nikachukua gazeti, nikapiga hesabu saa nzima ya mapumziko, mizigo yote, rekodi zote, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia. Nikampigia nikampa namba tisa.

Kisha nikamkopa Mugo pauni ishirini nimwekee namba tisa, na kabla ya kurudi kwa wazee nilipiga magoti kwenye chumba cha mashuka nikamwomba Mungu ampe ushindi.