Viwashio Kumi na Viwili

Jumatatu, 4 Agosti
Mwaka wa nne sasa shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mkuu wa moto kwenye kambi ya kikundi chetu cha wapanda vilima. Mkuu wa moto huwasha, hupanga nani akae wapi, humiminiwa chai ya kwanza. Mimi hupangiwa upande wa moshi. Imetosha. Leo nimetangaza mbele ya wote kwamba Jumamosi nitawasha kwa njiti moja, hata mvua inyeshe. Nikishindwa, ukuu wa moto sitauomba tena maisha yangu yote. Shemeji akasema sawa. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, habishi.

Jumanne, 5 Agosti
Usingizi umepaa. Mpango: vumbi la mbao kwenye kipande cha trei ya mayai chenye vishimo kumi na viwili, juu yake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Ikiganda, unakata kiwashio kimoja kimoja. Mishumaa nimeitoa kwenye droo ya mke wangu. Vumbi liko tele kwa seremala jirani, lakini kumwomba siwezi. Huyo ukimnong'oneza neno asubuhi, mchana shemeji analo. Alfajiri nimeruka ukuta wake na kujaza mfuko kutoka kwenye lundo la nje. Goti limechubuka. Vumbi lilikuwa baridi, zito mkononi. Nikajua hizo ni mbao za maana.

Jumatano, 6 Agosti
Kazini hakukukalika. Jioni nimeyeyusha nta kwenye sufuria ya maziwa. Ilipogusa vumbi ilifoka na kurukia pazia. Nguvu hiyo! Mke wangu akauliza sufuria yake imekosa nini. Akanishauri nijaribu japo kimoja. Nikamjibu viko kumi na viwili tu, si vya kuchezea. Akasema wengine wameolewa na wanaume, yeye kaolewa na kiherehere.

Ijumaa, 8 Agosti
Wazo limenijia nikipiga mswaki: je, shemeji akiniwahi? Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wote waache viberiti nyumbani, kwa usalama wa msitu. Kiberiti kitakuwa kimoja, changu. Wamekubali, shemeji wa kwanza. Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani.

Jumamosi, 9 Agosti
Naandika ndani ya hema. Sitaki kuonana na mtu.

Manyunyu tangu mchana. Njiti ya kwanza, kiwashio kikasema chiii. Ya pili, chiii. Cha tatu kilinitemea nta kidoleni. Watu wazima kumi na mmoja wamesimama na viazi vibichi, wananitazama. Vyote kumi na viwili vimegoma. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, aibu imenijaa hadi masikioni. Ilipobaki njiti moja, shemeji akaja taratibu, akabandua gome kavu chini ya gogo, akaniomba ile njiti. Moto ukawaka. Kisha akaniambia: shemeji, njoo ukae hapa, upande huu hauna moshi. Bora angenicheka.

Jumapili, 10 Agosti
Seremala kaja kunipa pole. Habari zote anazo, kama nilivyosema. Kaeleza kwamba kila jioni, kabla ya kufagia, huinyunyizia karakana maji ili vumbi lisimkere kifuani. Lundo la nje ni chepechepe daima, nami nimeufungia unyevu ndani ya nta. Akasema vumbi kavu lipo sakafuni mchana kutwa, ningeomba tu angenijazia gunia.

Mchana shemeji naye kapita. Amewaomba wenzake ahadi yangu isihesabiwe, na wamekubali nijaribu tena kambi ijayo. Nilimshukuru huku roho ikiniuma.

Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Mengi. Nimemdodosa seremala, kama mazungumzo tu, maji huyanyunyiza saa ngapi. Saa kumi na moja jioni. Basi kesho saa kumi na moja kasorobo naruka ukuta. Atakuwa bado yumo ndani, lakini kelele za msumeno zitanificha.