Makambako Yaisikiliza Mshtarii

Mheshimiwa Diwani, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, waheshimiwa wainjilisti, kwaya, wataalamu wa ngazi zote, wadau wa plazma, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. Kamwene! (Umati unaitikia salamu: Kamwene!)

Mimi, Shadrack, Mratibu Mkuu wa Kituo cha Kusikilizia Sayari, natangaza kwamba mchakato umefikia asilimia tisini na saba nukta nne. (Vigelegele.) Kama mnavyofahamu, Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote ambayo shuleni mliiita Jupita, hutoa mawimbi ya redio, na wenzetu wametuma chombo cha angani kinachoizunguka na kuyasikiliza, pamoja na mawimbi ya plazma, yaani ile hewa yenye umeme iliyoizingira, nikajiuliza, mimi mwenyewe, bila kushauriwa na mtu: chombo kikisikiliza kule juu, huku chini nani anapokea, kama si Makambako, penye baridi, reli na viazi? (Makofi.)

Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita tulimwomba Mama Beatha aache kulima shamba lake la mlimani, tegemeo lake pekee kwa wajukuu wanne, ili tusimike mitambo ya kusikilizia, tukaliwekea kibao. Kila msimu amekuja ofisini kuuliza apande au asipande, nasi tumemjibu kitaalamu kwamba suala lake liko kwenye fremuweki. (Minong'ono.)

Wapo wanaobeza. Basi sikilizeni alichorekodi fundi wetu Lenard juma lililopita palepale ofisini, plazma yenyewe ikichemka! (Sauti: puku, puku, fsss. Mzee Lameki anasimama: "Huo ni ulanzi, pombe yangu ya mianzi, unachacha, Mheshimiwa. Dumu langu nililisahau chini ya meza yenu." Kicheko kirefu.) Napokea mchango huo wa kisayansi, utaingia kwenye ripoti kama changamoto, na dumu litarejeshwa, ingawa limepungua kiasi.

Kwa kuhitimisha: Mshtarii yanena! (Umati: Tunasikia!) Makambako juu! (Umati: Juu zaidi!) Nawashukuru nyote, na kipekee Mama Beatha, maana leo asubuhi nilipopanda mlimani kukata utepe nilikuta shamba zima lina viazi, vimeshachanua, nikamuuliza kwa ukali amepitaje katikati ya mitambo, akanijibu: "Mwanangu, nimelima kona hadi kona, jembe halikugonga hata msumari. Kibao nimekiacha, nafungia mbuzi."

Utepe nilikata hivyohivyo. Nimeahidiwa debe la viazi. (Makofi. Mama Beatha anainuka, anapunga mkono.)